Kumi Mbili za Chumba Namba Tatu

Hospitalini walimwita Sifuri, naye alidhani wanamsifu. Kabla hajagusa chombo chochote, iwe mizani ya watoto, mashine ya presha au saa ya mtungi wa oksijeni, aliuliza swali lile lile kwa sauti ile ile ya kukera: "Sifuri iko wapi?" Kama chombo hakikuanzia kwenye sifuri, hakuwa na haja ya kusikiliza maneno mengine. Na kwa kuwa vyombo vingi vya hospitali ile havikuanzia huko, ilitokea kwamba Sifuri alimaliza miaka kumi na moja ya kazi bila kumsikiliza mtu.

Alikuwa fundi wa vipimo. Karakana yake ilikuwa nyuma kabisa, kati ya chumba cha kufulia mashuka na banda la vitanda vibovu, na mlango wake ulifunguliwa kwa kuusukuma na bega. Ndani kulikuwa na meza moja ndefu, taa ya kuinamisha, mipira ya kila unene iliyoning'inia misumarini, na kwenye rafu ya juu sanduku la mbao lililotandikwa kitambaa laini. Humo kililala kipimo mama. Hicho ndicho kilichotumika kuvihakiki vingine vyote. Mara moja kwa mwaka Sifuri alikipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya viwango, akiwa amekipakata njia nzima, na alirudi nacho na cheti chenye mhuri. Mkewe alikuwa anasema kwamba watoto wake hawakuwahi kupakatwa hivyo, na alikuwa hatanii.

Alikuwa pia na daftari. Kila chombo kilichoingia karakanani kiliandikwa humo: kimetoka wapi, kimekosea kiasi gani, kimefanywa nini. Safu ya mwisho iliandikwa "Maoni", na huko ndiko Sifuri alikomwaga roho yake. "Chombo kizima, mtumiaji ndiye mbovu." "Kimeangushwa na mtu ambaye ana mikono miwili na hatumii hata mmoja." "Muuguzi anasema kinachelewa. Kinachochelewa ni akili." Alikuwa na hati nzuri, ya kuviringa, na ungeona ukurasa ule ukiwa mbali ungedhani ni barua ya mapenzi.

Dharau hii hakuzaliwa nayo. Akiwa kijana wa miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua mafuta, na kazi yake ilikuwa kusoma geji za boila na kuandika. Mtunza boila wa pale alikuwa mtu mchangamfu mwenye ulimi mrefu. Geji ya mvuke ikipanda, alikuwa anaigonga kwa ukucha na kucheka. "Hii inazidisha. Naijua tabia yake." Asubuhi moja alisema hivyo na kuongeza moto, vali ikaruka, na mkono wa mtunza boila ukaiva mpaka kwenye kiwiko. Sifuri ndiye aliyemshika wakisubiri gari. Tangu siku hiyo, mtu akitamka mbele yake "naijua tabia yake" juu ya chombo chochote, alifura. Aliondoka kiwandani na imani moja, kwamba midomo ya watu hudanganya, ila geji ikishawekwa sawa haidanganyi. Lilikuwa somo zuri, tatizo ni kwamba aliondoka na nusu yake.

Basi chumba namba tatu. Hicho kilikuwa chumba cha presha cha kliniki ya wajawazito, na kwa miaka sita Sifuri hakuruhusiwa kukigusa. Mashine zake zilikuwa chini ya mkataba na kampuni ya nje. Mafundi wa mkataba walikuja mara moja kwa mwaka wakiwa wamevaa fulana zinazofanana, walizunguka nusu saa, na walipoondoka kila kitu kilikuwa na kibandiko cha kijani kilichoandikwa SAHIHI. Hawakubagua. Walibandika mashine ya presha, mizani, saa ya ukutani iliyosimama tangu haijulikani lini, na safari moja walibandika birika la chai la wauguzi. Sifuri alikwenda kulitazama birika lile kwa makusudi, akarudi karakanani akicheka peke yake.

Mkataba ulipokwisha, Mkurugenzi akamkabidhi Sifuri vyumba vyote. Sifuri alibeba sanduku lake, akaingia chumba namba tatu saa ya mapumziko, akaunganisha mpira wa kipimo mama na mashine ile ya kusimama yenye namba nyekundu. Akapandisha shinikizo mpaka mia moja. Mashine ikasema mia moja na ishirini. Akapandisha mpaka mia moja na hamsini. Mashine ikasema mia moja na sabini, bila haya. Ishirini nzima! Kwa miaka sita wajawazito wa kliniki ile walikuwa wanapimwa na kitu kinachozidisha ishirini kila mara, na kibandiko cha kijani kikiwa juu yake kimenyooka vizuri. Sifuri alijisikia raha ambayo mtu mwema hapaswi kujisikia.

Akaifungua mashine, akaiweka sawa, akairudia mara tatu. Hamsini ikasoma hamsini, mia mbili ikasoma mia mbili. Akabandua kibandiko cha mafundi wa mkataba, akabandika chake. Chake nacho kilikuwa cha kijani na kiliandikwa SAHIHI, maana vibandiko vyote hospitalini vilitoka kwenye stoo moja.

Alipokuwa anafunga sanduku, msimamizi wa chumba akarudi kutoka kula. Alikuwa muuguzi wa miaka mingi, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa mnyororo hata wote wakamwita Sista Miwani.

"Fundi, umeifanya nini mashine yangu?"

"Soma kibandiko."

"Nakuuliza wewe, sikiulizi kibandiko. Ilikuwa na nini?"

"Sista, kama unajua kusoma, soma. Kama hujui, mimi si mwalimu." Akainua sanduku, akampita mlangoni pua juu.

Sista Miwani alivaa miwani yake, akasoma kibandiko, akaivua. Jioni ile Sifuri aliandika kwenye daftari: "Chumba 3. Imezidisha 20. Imerekebishwa. Mtumiaji anaongea sana."

Miezi minne baadaye hospitali ilianza kusherehekea. Hesabu za kliniki zilionyesha kwamba wajawazito wenye presha ya juu wamepungua, tena si kidogo, wamepungua zaidi ya nusu. Mkurugenzi, ambaye alikuwa na kipaji cha kusimama mahali sifa inapokaribia kudondoka, alikumbuka mara moja kwamba mwanzoni mwa mwaka alitoa hotuba kuhusu chumvi. Bango likachorwa. Kwenye bango Mkurugenzi alikuwa mkubwa kuliko mjamzito aliyesimama pembeni yake. Liliwekwa langoni, na chini yake maneno: ELIMU YETU, AFYA YAO.

Sifuri alipita chini ya bango lile kila asubuhi akibenua mdomo. Alijua kilichopunguza presha. Si hotuba, ni mkono wake. Mashine ilikuwa inazidisha, sasa haizidishi, hivyo lazima namba zishuke. Mtoto wa darasa la nne angeelewa. Hakumwambia mtu. Alitaka kuwaona wakijipongeza mpaka washibe, halafu siku moja alifungue daftari. Hakujiuliza kwa nini wamepungua zaidi ya nusu. Ilimtosha kwamba wengine wote ni wajinga.

Nyumbani, wakati huo, alikuwepo binti yake. Alikuwa ameolewa na dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye alionekana nyumbani siku mbili na kupotea wiki tatu, kwa hiyo mimba yake ya kwanza alikuja kuilea kwa wazazi. Sifuri mwenyewe ndiye aliyemchagulia kliniki. "Nenda kwetu, chumba namba tatu," alimwambia. "Mashine ile nimeiweka sawa kwa mkono wangu. Jengo zima hakuna nyingine inayosema kweli kama ile."

Binti alikwenda kila alipopangiwa. Utaratibu wa pale ulikuwa hivi: Sista Miwani anapima, anaandika namba kwenye kikaratasi, mjamzito anakibeba kikaratasi mpaka kwa daktari chumba cha pili, daktari anajaza kadi na kukitupa kikaratasi kwenye ndoo. Kadi ndiyo inayorudi nyumbani. Jioni Sifuri aliichukua kadi, akaisoma karibu na dirisha kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe, na kila mara alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Mwezi wa nane ulipoanza, binti akavimba. Kwanza viatu vilimkataa, akawa anavaa ndala za mama yake. Kisha pete ikakwama. Kisha uso ukabadilika, hata jirani mmoja akauliza kama amenenepa. Jumanne alikwenda kliniki, akasema kichwa kinamuuma, daktari akaangalia kikaratasi, akajaza kadi, akasema apunguze chumvi na apumzike. Vijiti vya kupimia mkojo vilikuwa vimekwisha tangu mwezi uliopita.

Alhamisi asubuhi alikaa mezani mbele ya chai asiyoinywa, kiganja kikiwa juu ya macho.

"Baba, kichwa leo kimezidi. Kinagonga hapa mbele. Na naona vitu vinametameta."

Sifuri akanyoosha mkono, akaichukua kadi kutoka juu ya redio. "Juzi. Mia moja thelathini na nane kwa themanini na nane. Ipo chini ya mstari wa hatari."

"Sijasema haipo chini ya mstari. Nimesema kichwa kinauma."

"Kichwa hakina namba, mwanangu. Presha ina namba. Tunakwenda na chenye namba."

Mama yake, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha vyombo begani, akaingia. Alipiga magoti, akabonyeza mguu wa binti kwa kidole gumba juu ya kifundo. Kidole kilipotoka, shimo lilibaki. Akalionyesha.

"Baba watoto, hili nalo lina namba gani?"

"Wajawazito huvimba. Wewe hukuvimba?"

"Sikuvimba uso. Kwa nini usimpime wewe mwenyewe? Una vipimo chumba kizima."

"Mashine imehakikiwa!" Sifuri akapandisha sauti. "Kumpima tena ni kuitukana, na kuitukana ile ni kunitukana mimi. Miaka yote nagombana na watu wanaotaka kupima kwa hisia, sasa nije niwakute nyumbani kwangu?"

Binti aliondoa kiganja machoni akamtazama babaye kwa muda, kisha akakirudisha. Sifuri akavaa shati lake jeupe. Siku ile kulikuwa na wageni hospitalini, wakubwa kutoka makao makuu, waliokuja kuona maajabu ya chumba namba tatu, na Mkurugenzi alikuwa ameagiza fundi awepo na lile sanduku, kwa ajili ya picha.

Chumba namba tatu kilijaa kuliko kilivyowahi kujaa. Wajawazito walihamishiwa kwenye benchi la nje ili wageni wapate pa kusimama. Sifuri aliwekwa nyuma ya mashine, sanduku mkononi. Mkurugenzi akazungumza robo saa nzima juu ya chumvi, kisha, kwa vile alikuwa mtu wa maonyesho, akavua koti, akakunja mkono wa shati, akakaa kitini. "Msije mkadhani tunapima wanawake tu. Sista, nipime mimi!"

Wageni wakacheka inavyotakiwa. Sista Miwani akamfunga kitambaa mkononi, akabonyeza. Mashine ikavuma, ikajaza, ikaachia. Namba nyekundu zikasimama upande aliokuwa Sifuri: mia moja sitini na nne kwa mia moja na mbili. Sifuri akatabasamu kwa ndani. Kumbe na mheshimiwa wa chumvi naye yumo. Sista akainama kuandika kwenye kikaratasi, na Sifuri, kwa mazoea tu ya macho yake, akasoma kilichoandikwa. Mia moja hamsini na nne kwa tisini na mbili.

"Sista," akasema, "umeandika nini hapo?"

"Presha."

"Mashine inasema sitini na nne. Wewe umeandika hamsini na nne."

"Najua." Sista Miwani hakuinua hata macho. "Hii inazidisha kumi. Naijua tabia yake."

Sifuri akahisi sanduku limekuwa zito. Kabla hajafungua mdomo, daktari wa kliniki, kijana nadhifu aliyekuwa na mwaka mmoja tu pale, akakipokea kikaratasi, akakitupia jicho, akawatangazia wageni kwa sauti ya kupendeza: "Mkurugenzi wetu ana mia moja arobaini na nne kwa themanini na mbili. Imepanda kidogo tu, ni uchovu wa kazi."

"Daktari!" Sifuri akasema. "Kikaratasi kinasema hamsini na nne."

"Ndiyo, Fundi. Namba za chumba namba tatu tunazipunguza kumi." Kijana alikuwa anaeleza kwa upole, kama anavyoelezwa mtu wa nyuma ya majengo. "Mashine yake inazidisha. Niliambiwa siku niliyoripoti, na aliyeniambia aliambiwa na aliyemtangulia."

Sista Miwani akainuka. "Mnapunguza? Mbona mimi nimeshapunguza?"

"Unapunguza wewe?"

"Miaka sita!"

Ndipo Sifuri alipoyaona mambo yote kwa mpigo mmoja, na hakuna mwingine chumbani mle aliyeweza kuyaona, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa na ile ishirini kwenye daftari. Mashine mbovu ilikuwa inazidisha ishirini. Sista alipunguza kumi, daktari akapunguza kumi, kila mmoja akidhani yuko peke yake, na kwa miaka sita mjamzito alitoka na namba ya kweli. Uongo ule ulikuwa umesawazishwa na watu wawili wasiojua kwamba wanasaidiana. Halafu akaja yeye, akaiponya mashine, akabandika karatasi ya kijani, akaondoka pua juu. Miezi minne hii kila mwanamke aliyepita hapa alivuliwa ishirini ambazo zilikuwa zake.

"Kwa nini hamkuacha kupunguza?" akafoka. "Niliitengeneza! Nilibandika!"

"Ulibandika SAHIHI," Sista akamjibu. "Hata ilipokuwa mbovu ilibandikwa SAHIHI. Birika langu la chai limebandikwa SAHIHI. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, Fundi. Nilikuuliza ilikuwa na nini."

"Jamani, tuna wageni," Mkurugenzi akasema kutoka kitini, kitambaa bado kikiwa mkononi mwake.

Sifuri hakumsikia. Alikuwa anajumlisha. Mia moja thelathini na nane, ongeza ishirini. Themanini na nane, ongeza ishirini. Mia moja hamsini na nane kwa mia moja na nane. Hiyo ilikuwa Jumanne, na leo Alhamisi, na asubuhi mtu ameona vitu vinametameta, na yeye amemjibu kwamba kichwa hakina namba.

Aliliweka sanduku sakafuni. Wanaomfahamu walisema baadaye kwamba hapo ndipo walipojua kuna msiba, kwa kuwa hajawahi kukiweka kipimo mama sakafuni. Akawasukuma wageni, akatoka, akapiga simu akikimbia.

"Mlete hospitali! Mlete sasa hivi, usingoje..."

"Tupo langoni," mkewe akasema. "Nilimtoa ulipoondoka tu. Nilikuwa natafuta teksi wewe unatafuta shati."

Aliwakuta chini ya bango. Mkewe alikuwa amempitisha binti mkono kiunoni, na binti alikuwa anatembea huku amefumba macho. Hatua kumi kutoka mlango wa wodi ya wazazi macho yakafumbuka, yakapanda juu, taya likakaza, na mwili mzima ukaanza kurukaruka mikononi mwao. Sifuri, ambaye alijua kusoma kila kitu chenye mshale, hakujua ashike wapi. Mkewe ndiye aliyemlaza ubavu, akapiga kelele mpaka wauguzi wakaja na kitanda cha magurudumu.

Wakamwingiza ndani, wakamchoma sindano ya kifafa cha mimba, wakamfungia mashine ya presha ya kule. Mlango ukafungwa mbele ya Sifuri kabla hajaona namba.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, yeye mwisho huu, mkewe mwisho ule. Na pale, akitazama vigae, likamjia jambo ambalo alikuwa amelikalia zaidi ya miaka thelathini. Alikumbuka alivyokwenda kumwona mtunza boila wodini, mkono umefungwa kama mtoto mchanga, na alivyosema yule mtu akiwa ameelekea ukutani: "Ilikuwa inazidisha kweli. Mlipoibadilisha Ijumaa, mngeniambia." Sifuri alikuwa amesikia maneno yale, akayaona ni visingizio vya mzembe, na hakuyabeba.

Mtoto alitolewa kwa upasuaji mchana ule. Wa kike, kilo moja na gramu mia nne, akapelekwa chumba cha watoto njiti. Mama yake alikaa siku mbili hajui watu, ya tatu akaomba maji.

Watu wa namna ya Mkurugenzi huwa hawaanguki, huhama tu upande. Bango liliondolewa usiku mmoja bila maelezo. Wiki iliyofuata Sifuri alipokea barua ya onyo kwa kosa la "kuzua taharuki mbele ya wageni", imeandikwa kwa lugha safi, nakala kwenye faili. Juu ya presha yake mwenyewe ya mia moja sitini na nne Mkurugenzi hakusema kitu, ila alianza kuonekana akinywa chai bila sukari, mtu ambaye hajui hata anatakiwa kuacha nini.

Sista Miwani na yule daktari walichambua kadi za miezi minne, moja baada ya nyingine, wakiongeza ishirini. Wanawake ishirini na mmoja ilibidi watafutwe. Ishirini walipatikana. Wa ishirini na moja alikuwa ameshazikwa wiki tatu nyuma, na ndugu zake wakaileta kadi kwa sababu waliambiwa iletwe. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba nzuri kabisa. Sifuri aliomba aishike. Aliisoma, akaipeleka karakanani, akafungua daftari lake la hati nzuri kwenye ule mstari wa chumba namba tatu. Chini ya maneno "Mtumiaji anaongea sana" alitafuta cha kuandika mpaka wino ukakauka kwenye ncha, na hakuandika kitu.

Baada ya hapo alianza kuzunguka vyumba. Alikuwa hajui kuzungumza na watu, kwa hiyo alifanya vibaya. Aliingia, akasimama mlangoni, akasema kama anayesoma hukumu: "Mashine hii ilikuwa inapunguza tano. Nimeiweka sawa leo. Kuna mtu alikuwa anaiongezea?" Mara ya kwanza watu walicheka. Mara ya pili muuguzi mmoja wa wodi ya wanaume akainua mkono taratibu kama mwanafunzi. Kisha akainua na mwenzake.

Wiki ya sita binti alirudi chumba namba tatu kupimwa. Mtoto alikuwa kwenye kanga kifuani kwa bibi yake, na sasa alikuwa na mashavu. Sifuri alifuatana nao. Hakuna aliyemwalika, lakini hakuna aliyemfukuza.

Sista Miwani akafunga kitambaa, akabonyeza, na namba zilipotulia akazisoma kwa sauti, kila tarakimu peke yake, akageuza kikaratasi ili mwenye presha aone kilichoandikwa. Mia moja na ishirini na nne kwa themanini. Daktari naye alikuja mwenyewe mlangoni kukipokea, na hakupunguza.

Binti alibaki kitini akishusha mkono wa gauni. Sifuri alisimama mbele yake. Alikuwa ameziona namba, zilikuwa nzuri, mashine alikuwa ameihakiki saa mbili asubuhi ile ile, na mtu wa zamani angekwisha kutikisa kichwa na kuondoka. Akaangalia miguu ya binti, iliyokuwa imerudi kwenye viatu vyake, kisha akamwangalia usoni.

"Unajisikiaje?"

Binti alimtazama kama alivyomtazama ile asubuhi ya chai, muda ule ule. Kisha akasimama, akamchukua mwanawe kutoka kwa bibi yake, akamfunika kichwa.

"Kumbe unajua kuuliza," akasema, akampita mlangoni.